Uso Uliobaki Kwenye Kioo

Sanduku la mbao lilifika Garsen juu ya lori la mbuzi. Mbuzi wenyewe walikuwa wameshushwa bandarini Mombasa, na lori lilirudi tupu isipokuwa kwa lile sanduku, lililofungwa kamba na kuegemezwa magunia ya nyasi kavu pande zote kama mgonjwa. Mfanyabiashara wa mifugo, Msomali wa hapa hapa mjini ambaye sote tulimwita Haji, alishuka mwenyewe akaja hadi mlangoni kwetu. Hakuwa na kawaida ya kuja kwetu. Mama alimwona akivua kofia, akauweka chini ungo aliokuwa akipetea mahindi, akasema, "Haji, sema upesi."

Kaka yangu alikuwa amefariki Uarabuni. Homa ilimshika, akalazwa, hakutoka. Walimzika huko huko, siku ile ile. Katika watu wa kwetu ni Haji peke yake aliyetia mchanga kaburini, kwa kuwa safari yake ya mbuzi iliangukia wakati huo.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango nikayasikia yote. Jambo la kwanza lililonijia, na ninaliandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, halikuwa kilio. Nilijiuliza sanduku lile lina nini. Kilio kilikuja baadaye, na kilipokuja kilinikuta tayari nina haya.

Ndani ya sanduku mlikuwa na televisheni. Haikufanana na televisheni yoyote tuliyoijua. Haikuwa na mgongo. Ilikuwa bapa na pana kama mlango uliolazwa, na nzito hivi kwamba iliwachukua wanaume wanne kuishusha. Kaka aliifungasha mwenyewe kabla ya kuugua. Duka alilofanyia kazi lilikuwa likiionyesha dirishani, baadaye mstari mmoja mwembamba karibu na ukingo ukafa, wenye duka hawakuitaka tena, naye akaiomba. Alimwambia Haji iende kwa ami, ndugu mdogo wa marehemu baba, aiweke hotelini kwake. Pamoja nayo kulikuwa na deki ndogo ya kuchezea sidii za video, na sidii moja ndani ya bahasha. Juu ya sidii aliandika kwa mkono wake: "Ya Mama."

Ulikuwa mwaka uliofuata yale mafuriko makubwa. Udongo mweusi ulikuwa umeshakauka na kupasuka, na mabasi yalikuwa yamerudi barabarani. Hoteli ya ami ilikuwa karibu na njia panda, mahali mabasi ya Lamu yalipokuwa yakingojea askari wa kuyasindikiza kwa hofu ya majambazi. Abiria wangeweza kungoja hapo asubuhi nzima. Ami alikuwa na jenereta kwa ajili ya friji ya soda, na kaka alijua kwamba watu wanaongoja wakipata kitu cha kutazama, watakunywa chai ya pili. Ndivyo alivyokuwa. Hata akiwa mbali alitufikiria kwa namna hiyo ya mambo madogo.

Ami alifunga hoteli kwa ajili ya matanga. Wanaume walikaa nje kwenye mabenchi na wanawake ndani kwenye majamvi. Siku ya hitima, baada ya kisomo, mama alisema anataka kumwona mwanawe. Watu walitazamana. Maalim aliyesoma kisomo aliinamisha kichwa akasema kwa upole, "Mama, mwombee. Dua ndiyo anayoihitaji." Mama akajibu, "Nimemwombea, maalim. Wewe umezika watoto wako kwa mikono yako. Mimi sijaona hata sanda." Maalim aliinuka, akafunga msahafu wake. Aliondoka akaenda zake, na mimi nikaona aibu kama vile tumemfukuza.

Fundi wa redio aliunganisha nyaya. Mimi nilipewa rimoti kwa sababu niliweza kusoma maneno ya Kiingereza yaliyokuwa juu yake. Shule niliishia darasa la sita, lakini katika kundi lile la wanawake nilihesabiwa msomi.

Jenereta lilinguruma nyuma ya nyumba. Kioo kikaanza kuvuma, sauti nyembamba kama mbu wengi walio mbali, na kaka akatokea. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia, ndevu zake nyeusi zimechongwa vizuri, amekaa kwenye kiti kando ya kioo kama hiki hiki. Uso wake ulikuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa alipokuwa hai.

"Salaam alaikum, mama," alisema. "Usiwe na wasiwasi. Mimi mzima kabisa."

Wanawake waliangua kilio. Mama peke yake hakulia. Aliinua mkono akasema, "Nyamazeni. Nisikilize."

Kaka alisalimia nyumba nzima, akauliza hali ya ng'ombe, akauliza kama mto umerudi mahali pake. Kisha akasema jambo lililonifanya nitazame jamvi. "Mama, nakujua. Usiwaambie watu kwamba mimi ni mhandisi. Kazi yangu ni kubeba masanduku. Ila kuna fundi mmoja hapa anayeniruhusu nimtazame akifanya kazi, na nikimuuliza ananijibu." Mama alikuwa ameshaiambia Garsen yote kwamba mwanawe ni mhandisi. Mwanamke mmoja nyuma yangu alikohoa, na kikohozi kile sijakisahau.

Halafu akaanza kueleza. Hilo pia lilikuwa tabia yake. Akipata kitu kipya hakukiacha mpaka akieleze.

"Hiki ni vioo viwili," alisema, akikigonga cha kando yake kwa kidole. "Katikati kuna vijumba vidogo kuliko punje ya mtama, vimejaa hewa ya namna yake. Kimoja kimepakwa ndani unga mwekundu, cha pili wa kijani, cha tatu wa buluu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Umeme ukiipiga ile hewa inatoa mwanga usioonekana kwa jicho. Mwanga huo unaupiga unga, na unga ndio unaong'aa. Sasa mtaniuliza, umeme unajuaje uwashe kijumba gani?"

"Unajuaje?" mama alimuuliza.

"Dada, wewe unakumbuka kisimani wakati wa kiangazi," kaka akasema, na nikashtuka, maana alikuwa amenitazama kabisa. "Kwanza tulikuwa tukiwafuta ng'ombe wote majivu ya jana kwenye paji la uso. Kisha tunapita safu kwa safu, tunawapaka majivu mapya wale tu wa zamu ya kwanza. Halafu baba anapiga mluzi mmoja. Ng'ombe wote wanausikia, lakini mlinda hori anawapitisha wenye majivu. Basi hapa ni vivyo hivyo. Kioo cha mbele kina nyaya nyembamba za kulala, mbili mbili. Kioo cha nyuma kina nyaya za kusimama. Zinapopishana ndipo penye kijumba. Kwanza umeme unafuta alama za zamani kwenye vijumba vyote. Halafu unapita mstari kwa mstari, ukiacha alama kwa vinavyotakiwa. Alama yenyewe ni umeme kidogo sana unaobaki umeganda kwenye ukuta wa kijumba. Hapo bado giza. Kisha ndio mluzi: umeme mkali, volti karibu mia mbili, unasukumwa kwenda na kurudi kwenye vijumba vyote kwa pamoja. Peke yake hautoshi kuwasha. Kijumba chenye alama kinaongezea ule wake mdogo, kinawaka. Kisicho na alama kinasikia mluzi tu."

Wanawake walikuwa wameacha kulia. Hata nje kwenye mabenchi wanaume walikuwa wamesogea mlangoni.

"Na kijumba hakijui kuwaka nusu," aliendelea. "Ni kuwaka au kuzimika. Ukitaka ndevu zangu hizi, unakiacha gizani. Ukitaka uso, unakiwasha mara chache. Ukitaka kanzu yangu nyeupe, mara nyingi, upesi upesi, mpaka jicho linadanganyika. Kila picha moja inafutwa, inaandikwa, inapigiwa mluzi, tena na tena, kabla hujapepesa macho. Kwa hiyo, mama, ukiniona nimetulia hapa mbele yako, jua ninawashwa na kuzimwa, ninawashwa na kuzimwa."

Akacheka. Kisha akasogea mbele, akainua mkono wake wa kulia, akasema, "Sasa, mama, kabla sijakuaga—"

"Msimamishe!" mama alipiga kelele.

Nilibonyeza. Kaka akasimama pale pale, mkono juu, mdomo wazi kidogo, macho yake yakimtazama mama.

Ami alininong'oneza, "Zima basi, mwanangu. Inatosha." Lakini mama alimsikia.

"Nani azime? Mtu yuko katikati ya maneno, shemeji, na wewe unamzima?"

Hapo inabidi nieleze desturi ya kwetu. Kwa sisi wafugaji, mtu aliyetoka safari hupewa mkeka atoe habari mpaka mwisho, na hakatizwi. Adhana ikimkuta katikati, watu watasali, na mahali pake mkekani hapatakaliwa na mtu. Akirudi anaanzia pale pale alipokomea. Kumkatiza kabla hajamaliza ni kumwambia kwamba habari zake hatuzitaki. Na akishamaliza akaaga, ndipo amekwenda. Mama alikuwa anayajua yote mawili. Hakutaka akatizwe, na hakutaka aage. Kwa hiyo alimshika katikati.

Hakuna aliyethubutu kumpinga mwanamke aliyefiwa, na desturi ilikuwa upande wake. Tulisali adhuhuri kaka akiwa amesimama kwenye kioo, tumempa mgongo kwa sababu kibla kilikuwa upande wa pili. Tulikula pilau akiwa amesimama. Buni za kahawa zilizokaangwa kwa samli zilipozungushwa, mama aliweka bakuli dogo chini ya kioo. Alasiri mafuta ya jenereta yalikwisha na kaka akapotea mwenyewe. Mama akasema, "Hayo ni ya mafuta. Sisi hatukumkatiza."

Matanga yakaisha. Ami akafungua hoteli tena, na asubuhi akawa anaonyesha mipira iliyorekodiwa na filamu za Kihindi. Benchi zilijaa. Lakini baada ya adhuhuri, mabasi yakishaondoka na askari wao, mama alikuja. Ami hakuweza kumkatalia mke wa marehemu kaka yake. Alikwenda nyuma akaongezea jenereta mafuta.

Ilikuwa vile vile kila siku. Nilimwasha kaka, akasalimia, akaeleza, na alipofika kwenye "Sasa, mama," mama aliinua mkono wake nami nikabonyeza. Kisha mama alikaa mbele yake mpaka magharibi ikaribie. Alichambua mchele pale. Alisuka mikeka pale. Siku moja alinyanyuka akaweka kiganja chake kwenye shavu la kaka, akanigeukia, uso wake umefunguka.

"Ana joto," alisema. "Njoo uguse. Ana joto."

Nikaenda nikagusa. Kweli kioo kilikuwa na joto, zaidi pale kwenye kanzu, na kilikuwa kikivuma chini ya vidole. Nilijua joto lile ni la umeme, kaka mwenyewe alikuwa amenieleza. Nikasema, "Ndiyo, mama." Nilipogeuka niliwaona wapishi wawili wa ami wamesimama mlangoni wakitutazama, na mmoja alikuwa ameuma midomo ili asicheke. Tangu siku hiyo nikawa nasimama mlangoni, leso yangu nimeitandaza mabegani, ili mtu anayepita asione ndani. Nilimwonea mama haya mbele za watu. Kisha usiku nikilala nilijionea haya mimi kwa kumwonea mama haya. Sikujua ipi ilikuwa mbaya zaidi, na hata sasa sijui.

Wakati ule sikuona kitu kwenye kioo. Labda kwa sababu nilikuwa mlangoni.

Basi la Lamu lilichelewa siku moja kwa sababu askari walikuwa wameitwa upande mwingine. Hoteli ilifurika. Ami aliweka mpira, uwanja mzima wa kijani umejaa kioo. Mimi nilikuwa nikimimina chai. Nikasikia sauti ya makanga wa basi, kijana mwenye mdomo ambaye kila mtu alimjua.

"Mzee, huyu refa mbona mkubwa hivi?"

"Refa gani?" ami akauliza.

"Huyo aliyelala kwenye majani. Ona! Mpira unapita kwenye shavu lake."

Watu wakainama kutazama, na nikatazama. Ndani ya majani ya uwanja, kama kivuli cha mtu aliyesimama nyuma ya pazia, kulikuwa na mabega, mkono ulioinuliwa, na uso. Wachezaji walimpita kaka yangu kifuani.

"Si refa huyo," mwingine akasema. "Ni shabiki. Ameingia bila tiketi."

"Kanzu nyeusi? Kadhi huyo!"

"Kadhi atoe basi kadi ya njano!"

Hoteli nzima ikacheka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema, "Astaghfirullah, msicheke, hilo ni jini," akachukua kapu lake akatoka nje kwenye jua. Makanga akamwambia ami, "Mzee, jini wako anakaa tangu asubuhi, hata chai hajanunua."

Nadhani ami hakujua afanye nini, na mtu asiyejua afanye nini hufanya analolijua. Alichukua kitambaa cha kufutia meza, akakichovya kwenye maji ya sabuni, akaanza kukisugua kioo. Alisugua paji la uso. Alisugua mdomo. Mtu akapiga kelele, "Usisahau masikio, mzee!" na kicheko kikapanda tena. Kaka yangu aliyeoshwa na watu nisiowajua, katika nchi nisiyoijua, alikuwa akioshwa mara ya pili mbele ya abiria, kwa kitambaa chenye harufu ya mchuzi. Nilibaki nimeshika birika. Chai ilikuwa ikimwagika mezani na mwenye kikombe akaniambia, "Dada, dada, inatosha."

Povu lilipokauka, uso ulikuwa pale pale. Ami akazima kioo. Abiria wakalalamika.

Fundi wa redio alikuja jioni. Alifungua upande wa nyuma wa kioo, akatazama ndani bila kugusa kitu, akaufunga tena. "Humu mna umeme wa kuua mtu hata baada ya kuzimwa," alisema. "Na hii ndiyo ya kwanza mimi kuishika. Lakini ubovu hauko nyuma. Uko kwenye unga." Akatuonyesha kwa kidole. "Pale palipokuwa na kanzu vijumba viliwaka kuliko vyote, kila siku, mahali pamoja. Unga wake umechoka. Sasa ukiviambia viwake kama vingine, haviwezi. Penye ndevu vilipumzika gizani, bado vina nguvu zake. Ndiyo maana anaonekana kinyume."

"Mtoe," ami akasema.

"Siwezi kumtoa, mzee. Ninachoweza ni kuvichosha na vingine mpaka vilingane naye. Uwashe kioo kizima kiwe cheupe tupu, siku nyingi. Kitapungua mwanga chote, lakini yeye hataonekana sana."

Tukabonyeza rimoti tukatafuta kwenye orodha ya maagizo ya kioo chenyewe, na mimi ndiye niliyelisoma neno la Kiingereza la nyeupe. Lilikuwapo humo tangu mwanzo. Waliokitengeneza walikuwa wanajua kwamba watu watafanya hivi.

"Nani atamwambia mama yako?" ami akaniuliza. Hakungoja nijibu, nami sikuhitaji kuulizwa.

Nilimwambia asubuhi, akikamua mbuzi. Nilimwambia yote, hata vicheko, kwa sababu mama alikuwa akijua nikificha. Nilidhani atalia au atakasirika. Nilichokiogopa hasa ni kwamba atafurahi. Kwamba atasema kaka amekataa kuondoka, na hapo tutakuwa kichekesho cha Garsen mpaka tufe. Alimaliza kukamua, akafunika kibuyu, akasema, "Twende nikamwone."

Ami alitoa watu wote hotelini. Nikabonyeza lile neno, na kioo kikawa cheupe, kikavuma kwa nguvu kuliko nilivyowahi kukisikia. Katikati ya weupe alikuwa kaka. Kanzu yake ilikuwa nyeusi. Uso ulikuwa wa kijivu. Na ndevu zake, zile nyeusi alizozichonga vizuri kwa ajili ya picha, zilikuwa nyeupe kabisa, pamoja na nyusi na nywele zilizochomoza chini ya kofia.

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Hakukaribia kumgusa.

"Amezeeka," alisema.

Ami alikuwa akitazama vidole vyake.

"Tumemweka amesimama mpaka amezeeka," mama akasema. "Mkono juu hivyo hivyo. Nani humfanyia mgeni hivi?" Akaketi kwenye benchi, si chini kwenye mkeka kama siku zote. "Binti, mwache amalize."

Nikaweka sidii. Kaka akatokea juu ya kivuli chake mwenyewe, akasalimia, akauliza ng'ombe, akaeleza kisima na majivu na mluzi. Alipofika mahali pale, mkono wake ulipanda ukaingia sawasawa ndani ya ule mkono wa kivuli, na kwa kitambo kidogo hawakuwa wawili. "Sasa, mama, kabla sijakuaga," alisema. Nilimtazama mama. Mikono yake ilikuwa magotini.

"Kabla sijakuaga, neno moja la mwisho kuhusu hiki kioo, na dada yangu alishike vizuri kwa sababu ami atasahau. Msiache picha moja ikasimama. Hata kidogo. Ikisimama sana inachoma unga, inabaki kovu, na kovu hilo halitoki. Hapa dukani tunacho kimoja kimebaki na kovu la bei ya friji milele." Akacheka kwa kicheko chake cha puani. "Mtu akitaka kwenda kusali, zimeni. Mtaniwasha tena, sitakasirika. Haya, mama. Nakuaga. Nisamehe nilipokukosea. Asalaam alaikum."

Akanyoosha mkono kuizima kamera. Mkono wa kanzu ukafunika kila kitu, kioo kikawa cheupe, kisha buluu.

"Wa alaika salaam," mama akasema. "Nimekusamehe. Nisamehe na mimi."

Sikuweza kuinua uso. Nilikuwa nimesikia na ami alikuwa amesikia, na sote tulijua kwamba maneno yale yalikuwa yametungoja siku zote hizo, hatua moja tu mbele ya kidole changu. Alikuwa amezitumia pumzi zake kutuonya, na sisi kwa heshima yetu tulimziba mdomo. Ningependa kuandika kwamba nilimlilia kaka pale. Nililia, lakini ilikuwa aibu zaidi kuliko kilio, aibu ya mtu aliyekutwa anafanya upumbavu na mtu anayempenda, naye akacheka tu.

Mama alijifunga leso yake. Mlangoni akageuka. "Shemeji, washa huo weupe wenu," alisema. "Mimi nina kazi nyumbani." Hakuja tena hotelini kukitazama kioo. Sidii ile aliirudisha kwenye bahasha yake, akaiweka ndani ya kasha pamoja na nguo za baba.

Mimi ndiye niliyebaki na weupe. Baada ya adhuhuri, saa zile ambazo zilikuwa za mama, nilikiwasha kioo nikakaa nikiosha vyombo, nacho kikivuma. Nzi walikuja kutua juu yake kwa ajili ya joto. Kanzu ilipungua weusi kwanza. Kisha mabega yakaungana na weupe wa pembeni, kisha mkono. Kioo chote kikawa hafifu kidogo, kama kitambaa kilichofuliwa sana. Ndevu zilikuwa za mwisho. Wakati mwingine nilisimama mbele yake nikiwa na sufuria mkononi, nikaona haya kwamba kazi yangu ni hii, kumfuta; na kwamba nilikuwa nikitamani iishe.

Asubuhi moja, basi la kwanza likiwa linaingia, ami alinikuta nimekiwasha kioo mapema. Akasimama mbali, karibu na mlango, hakusogea kutazama mwenyewe, maana macho yake yalikuwa yameanza kufifia na hakutaka kuyaamini.

"Ametoka?" akaniuliza.

Nilitazama mahali pale ninapopajua. Ukingo wa shavu ulikuwapo, na alama ndogo nyeupe palipokuwa na kidevu.

"Bado, ami," nikamwambia. "Lakini asiyemjua hatamwona."

Ami akatikisa kichwa kukubali, akachukua rimoti mkononi mwangu, akaweka mpira. Nje makanga alikuwa ameshaanza kuwaita abiria washuke. Nikaenda kuwasha jiko la chai.